Hatukubali kwa Sauti Nne

Nchi nitakayoisimulia haipo. Nasema mapema ili msomaji asianze kuchungulia dirishani akiwatafuta mawaziri wake. Akikutana humu na mtu anayefanana na jirani yake, hiyo ni bahati mbaya ya jirani.

Mimi katika nchi hiyo ni kinyozi, jina langu Mashaka. Muziki siusomi wala siupigi. Naujua kwa sababu kibanda changu kimepakana na studio ya Bi. Siwema Hatibu, na kilichotutenganisha ni ubao mwembamba ambao hata chafya hupita. Wateja wangu wamenyolewa kwa kwaya, kwa nyimbo za harusi na kwa midundo ya vijana inayotikisa kioo, na wote wametoka na masikio yao mawili. Kama hawayatumii, hilo si kosa la wembe wangu.

Nchi yetu inapenda muziki kiasi kwamba Serikali iliona si vizuri kuwaachia wanamuziki peke yao. Ikaundwa Wizara ya Sauti. Wizara ikatengeneza programu moja ya kompyuta ya kurekodia na kuchanganyia nyimbo, ikaiita Mrindimo, kisha sheria ikasema kila wimbo wa nchi hii utatengenezwa humo, utatunzwa humo, na hautatoka humo. Kuutoa nje, hata kwa kuunasa na simu pembeni ya spika, ni kusafirisha mali ya taifa bila kibali. Simu zetu zenyewe zimefundishwa adabu: zikisikia wimbo, zinajizima.

Mrindimo nayo ina adabu zake. Kila asubuhi ukiiwasha, huiamkia Wizara kwanza. Kompyuta inatuma shikamoo kwenye mtandao, Wizara inarudisha marahaba, ndipo nyimbo zako zinafunguka. Siku ambayo mwenye zamu ya kuitikia ana msiba kwao, studio zote nchini hukaa kimya, maharusi wakisubiri, mpaka mazishi yaishe. Wageni waliwahi kutuuliza kama hilo halituudhi. Tuliwajibu kwamba kwetu watoto wanalelewa hivyo hivyo.

* * *

Bi. Siwema aliishi kwa kurekodi harusi na matangazo ya maduka, lakini kilichomfanya aiwashe Mrindimo kila siku, awe na kazi asiwe nayo, ni mama yake.

Bi. Kirembo, mama huyo, ndiye aliyekuwa akiitwa kila nyumba ya mtaa wetu inapomtoa bibi harusi. Wimbo wake ulikuwa mmoja na haukuwa mrefu: "Nenda mwanangu, mlango sijafunga." Kabla ya neno la mwisho alikuwa akivuta pumzi, unaisikia kabisa, halafu kwenye "sijafunga" sauti yake ilikuwa inapinda kidogo. Haikupanda, haikushuka, ilikaa pale katikati kama mtu aliyesimama kizingitini. Wataalamu wana jina la kosa hilo. Sisi tulikuwa tunalia tu. Wanaume tulikuwa tunasingizia moshi wa pilau.

Wimbo huo redio iliwahi kuupiga, kupitia Mrindimo hiyo hiyo. Bi. Kirembo alikuwa amekaa kwenye benchi la kibanda changu, wateja wakapiga makofi na mimi nikapiga, yeye akakunja mikono yake mapajani.

"Na wewe piga, Bi. Kirembo," nikamtania.

"We Mashaka, una wazimu? Nijipigie makofi mwenyewe? Makofi ni ya kumpa mtu mwingine."

Kisha kiharusi kikaja, kikamchukua mguu mmoja na ulimi wote. Mikono kilimwachia, macho kilimwachia, na akili ilikuwapo, kwa sababu ukimnyoa mteja vibaya alikuwa anakuangalia mpaka unarudia. Ila neno halikutoka tena. Na chakula akawa anakikataa.

Siwema alikuwa amemrekodi ule wimbo mara moja tu, kabla ya ugonjwa, na rekodi hiyo ilikuwa ndani ya Mrindimo. Kila mchana, baada ya kuuweka uji mezani, alikuwa akimfungulia. Bi. Kirembo alikuwa akiweka kidole chake cha shahada juu ya mkono wa kiti, tayari, kisha wimbo ukianza anagonga taratibu. Ikifika ile pumzi, kidole kinasimama. Ikipita "sijafunga", anafumba macho, na baada ya hapo anakubali kula. Mimi kule upande wa pili wa ubao nilikuwa nikishusha wembe mpaka wimbo uishe, na wateja walizoea.

* * *

Balaa lilianza na kitu kinachoitwa Kinyoosha Sauti. Kilikuja na toleo la sita la Mrindimo. Kazi yake ni kuikamata sauti inayotangatanga na kuirudisha kwenye mstari. Katika toleo hilo kilikuwa cha majaribio, kikijiwasha na kujizima kinavyotaka kwenye nyimbo mpya, na watumiaji wakagawanyika, na kwa kuwa walikuwa na ndevu na nywele kama watu wengine, waligawanyika kibandani kwangu.

Alikuwapo Shebe, fundi mitambo wa nyimbo za vijana, kijana mwenye miwani ya jua hata chumbani. Alikuwapo Mwalimu Elikana, kiongozi wa kwaya kubwa kuliko zote mjini.

"Kinyoosha Sauti ndicho kinachonilisha," alisema Shebe, povu likiwa shavuni. "Wasanii wangu wana sura nzuri sana. Mkikiondoa hicho, mimi nafunga studio kesho."

"Kwani wewe unarekodi sura?" akauliza Mwalimu Elikana kutoka kwenye benchi.

"Sura ndiyo inayouza, Mwalimu. Sauti tunainyoosha."

"Mimi nina waimbaji hamsini. Kinawanyoosha wote mpaka nasikia mtu mmoja. Nimebaki na mtu mmoja, mnene sana." Akafikiri kidogo. "Ila soprano wangenyooshwa nisingelalamika. Soprano peke yao."

Siwema alikuwa ametokea mlangoni na kikombe cha chai.

"Jamani, mbona jambo lenyewe dogo? Wizara iwawekee watu mahali pa kukiwashia na mahali pa kukizimia. Anayetaka kunyooka anyooke, asiyetaka aachwe. Na nyimbo za zamani zisiguswe. Kuna shida gani hapo?"

Tulitazamana. Hakukuwa na shida. Shebe akasema hana neno, Mwalimu akasema hana neno, na wote wakakubali kwamba kinachowauma kwelikweli ni Mrindimo kuganda katikati ya kazi na kumeza wimbo wa kutwa nzima. Wakapeana mikono, mmoja akiwa na povu. Nilikuwapo, niliona. Watumiaji wa Mrindimo waliwahi kukubaliana, na mahali pake ni kwenye kiti changu chenye mguu mmoja mbovu.

Sijui Wizara ilijuaje. Labda ubao wangu ni mwembamba pande zote.

* * *

Haikupita muda, Waziri wa Sauti, Mheshimiwa Makoroma, akatangaza Baraza Kuu la Mwelekeo wa Mrindimo. Alisema redioni kwamba programu ni mali ya watumiaji, na watumiaji ndio watakaoamua iende wapi. Na ili wasichoke kwa kuamua mambo mengi, Wizara imewachagulia la kuanzia: kioo cha Mrindimo kiwe cha rangi gani, kijani au kahawia?

Nilidhani watu watacheka. Shebe akasema kijani hupumzisha macho. Mwalimu Elikana akasema kahawia ni rangi ya udongo, na muziki umetoka kwenye udongo. Shebe akasema kahawia ni rangi ya watu waliochoka. Ndani ya wiki mji ulikuwa na Wakijani na Wakahawia. Besi wa kwaya ya Mwalimu walihamia kijani, wakawa wanafanyia mazoezi barabarani nje ya kanisa, ili kuvuruga. Harusi moja ilivunjika kwa sababu wapiga ngoma wa upande wa bwana harusi walikuwa kahawia na mpiga kinanda wa upande wa bibi harusi hakutaka kuchomeka nyaya zake karibu nao. Kila kambi iliniletea kofia yake. Nilikuwa naangalia mteja anayekuja ndipo najua nivae ipi.

Siwema alihangaika. Alimfuata Shebe.

"Shebe, tulikubaliana nini pale kwa Mashaka?"

"Dada'angu, lako lile tunalo moyoni. Tuache kwanza tuwamalize hawa wa kahawia."

Akamfuata Mwalimu.

"Hoja yako ni nzuri sana, Bi. Siwema," alisema Mwalimu Elikana kwa upole. "Tatizo lake moja tu, haina rangi. Watu watashindwa kujua wakae nayo upande gani."

Alirudi akakaa kwenye benchi langu. Halafu akaniambia, "Mashaka, hawa watu wana masikio kuliko binadamu yeyote ninayemjua. Wanasikia uzi mmoja wa gitaa ukilegea kwenye bendi nzima. Wanashindwaje kusikia hili?" Nilimwambia labda ni kelele.

* * *

Baraza lilifanyika kwenye ukumbi mkubwa wa Wizara. Nami nilialikwa kama mwakilishi wa wasikilizaji, kwa kuwa, barua ilisema, kinyozi husikiliza zaidi ya daktari. Nilikwenda na kofia zote mbili mfukoni.

Mheshimiwa Makoroma alifungua. Ni mtu mwenye kifua kipana na sauti inayotokea mbali.

"Ndugu watumiaji, wadau, wapenzi, na wapenzi wa wadau," alisema. "Nchi nyingine zina programu zinazokwenda mbele. Sisi Mrindimo yetu haiendi mbele. Mrindimo inaelekea mbele. Na kuelekea, ndugu zangu, ni kazi kubwa kuliko kwenda, kwa sababu anayekwenda hufika, akafika basi. Anayeelekea hana mwisho!"

Tulipiga makofi. Mtu akisema jambo kama hilo, mikono hujipiga yenyewe.

Kisha wakajadili rangi kuanzia asubuhi mpaka jua likageuka. Kulikuwa na mtaalamu wa macho na mtaalamu wa udongo. Mpiga zumari mmoja alilia. Siwema alinyoosha mkono mara nyingi, na kila mara mwenyekiti alimuuliza, "Kijani au kahawia?" Akisema hana rangi, mwenyekiti humwomba ashushe mkono asichanganye hesabu.

Mwishoni Mheshimiwa akasimama. Alisema amesikia pande zote mbili, na kwa hekima ya Wizara rangi itakuwa kijivu.

Kambi zote mbili zikalipuka kwa makofi, kila moja ikifurahi kwamba nyingine imekosa. Watu walikumbatiana. Shebe alimrushia Mwalimu busu la kejeli, Mwalimu akajibu kwa kuinama. Katikati ya furaha hiyo Mheshimiwa akaendelea kusoma, kwa sauti ile ile, mambo aliyoyaita mengineyo. Katika toleo la saba Kinyoosha Sauti kitakuwa cha lazima. Hakitakuwa na mahali pa kuzimia, kwa kuwa anayetaka kuzima ana nia gani? Nyimbo za zamani nazo zitanyooshwa siku toleo litakapoingia, zote, ili wazee wetu nao wasiachwe nyuma. Pumzi zitaondolewa, kwa kuwa wataalamu wamezitambua kama uchafu. Na kwa kuwa mabaraza yanachosha, hili ni la mwisho. Kuanzia sasa Mrindimo yenyewe itakuwa inasikiliza vyumbani mwa watumiaji, ikihesabu makofi, na makofi hayo ndiyo yatakuwa kura.

Siwema alisimama. Hakusubiri kipaza sauti.

"Mheshimiwa, mimi sikubali. Mama yangu amebakiwa na wimbo mmoja. Mkiunyoosha huo, mtakuwa mmemmaliza."

Alisema kwa sauti iliyokatika, na nadhani ni kule kukatika ndiko kulikowazindua wale watu. Wakasikia kilichosomwa. Mwalimu akasikia, Shebe akasikia, maana naye alikuwa na nyimbo za marehemu kaka yake humo. Kijani na kahawia wakasimama pamoja.

"Hatukubali!"

Ilikuwa kelele mbaya, chafu, kila mtu na lake, mmoja akianza mwingine akimalizia. Viti vilianguka. Nilizitoa kofia zangu mfukoni nikazitupa chini zote mbili. Mheshimiwa alirudi nyuma hatua kadhaa, uso umempauka, na walinzi wakaanza kusogea. Nilidhani leo, kweli, leo.

Sasa, mimi sina neno na wanamuziki. Ni watu wazuri. Lakini wana ugonjwa mmoja ambao wauza samaki hawana, wala sisi vinyozi. Hawawezi kuvumilia kelele mbaya, hata iwe ya kwao.

Mtu mmoja nyuma, mpiga ngoma, aliona "hatukubali" za watu zinapishana, akaanza kugonga benchi ili ziende pamoja. Zikaenda pamoja. Mwalimu Elikana akasikia sauti za wanaume, besi na tena, zimechanganyikana, jambo ambalo humuuma kama jino, na mikono yake ikapanda yenyewe. Nilimwona. Hakukusudia. Alionyesha besi, besi wakashuka, wale wale waliomkimbia kwa ajili ya kijani. Alto wakaingia. Shebe akaona benchi linachelewa kidogo, akavua miwani akaongeza vidole mezani. Punde si punde ukumbi mzima ulikuwa unaimba "Hatukubali" kwa sauti nne, na nasema ukweli, tangu nizaliwe sijasikia kitu kizuri namna ile.

Siwema peke yake alibaki anapiga kelele. "Hatukubali! Hatukubali!" kwa sauti yake ile, imepinda, haipo juu haipo chini, sauti ya mama yake kabisa. Mwanamke wa alto aliyekuwa mbele yake akageuka amekunja uso.

"Dada, shika sauti. Unatuharibia."

"Bi. Siwema, uko nje ya mdundo!" akaita Shebe, bila ubaya wowote, kama anavyomwambia msanii wake.

Siwema akafunga mdomo. Nilimtazama akifunga.

Mheshimiwa Makoroma alianza kwa kutikisa kichwa. Halafu bega. Halafu akatoa leso, akashuka jukwaani akicheza, walinzi nyuma yake wakicheza, na wimbo ulipokwisha, na sauti zote zilimaliza pamoja vizuri, akafuta jasho akasema, "Rudieni!"

Nao, Mungu awasamehe, walirudia. Mara ya pili mwisho ulikuwa mzuri zaidi.

* * *

Iliundwa Tume ya Kutafsiri Kelele. Ilifanya kazi kwa haki, ikasikiliza rekodi ya Baraza mwanzo mpaka mwisho, na taarifa yake ikasomwa redioni. Tume iligundua kwamba watu wenye hasira hawagawani sauti ya kwanza mpaka ya nne. Watu wenye hasira hawamalizi pamoja. Na hakuna mtu mwenye hasira, katika historia ya hasira, aliyewahi kurudia alipoombwa. Kwa hiyo tukio lile lilikuwa shangwe. Sehemu ya mwanzo, kabla ya benchi, ilitajwa kama kupasha sauti moto.

"Hatukubali" ikasafishwa, ikanyooshwa, ikawekwa kuwa wimbo wa kufungulia toleo la saba. Kila mtumiaji akiiwasha Mrindimo, baada ya shikamoo na marahaba, anaisikia. Shebe na Mwalimu Elikana waligombana kuhusu nani aandikwe kwanza kuwa mtunzi, mwenye mdundo au mwenye sauti. Nilipomwuliza Shebe kuhusu nyimbo za kaka yake, alisema bado hajazifungua. Alisema ana kazi nyingi.

Toleo la sita likaacha kuitikiwa marahaba. Siwema alikuwa ameamua kutolipokea la saba, akaiacha kompyuta imezimwa. Alifikiri maadamu haijawashwa, wimbo umelala salama kama ulivyo. Labda ilikuwa kweli. Lakini mchana ulipofika Bi. Kirembo aliweka kidole chake juu ya mkono wa kiti, akasubiri. Siwema akajaribu kumwimbia mwenyewe. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akampapasa shavu, akarudisha kidole pale pale akaendelea kusubiri. Uji ukapoa. Kesho yake vilevile. Kesho kutwa mashavu yalishaanza kuingia ndani.

"Twende Wizarani," aliniambia Siwema. "Nisaidie kusukuma kiti."

* * *

Afisa wa malalamiko aliitwa Bwana Luhende, mtu mwenye adabu, amechana nywele vizuri. Niliona kazi ya kinyozi mwenzangu na sikuwa na la kukosoa. Alisimama kutupokea, akasogeza meza ili kiti cha mama kipite.

"Mlalamikaji ni nani?"

"Ni mimi," alisema Siwema. "Nataka wimbo mmoja tu usinyooshwe. Mmoja."

"Sauti iliyomo ni yako?"

"Ni ya mama."

"Basi mlalamikaji ni mama. Kanuni inasema mwenye sauti ndiye alalamike, tena kwa sauti yake, ili tuilinganishe tusije tukadanganywa. Watu ni wajanja siku hizi."

"Bwana Luhende, mama hawezi kusema. Hicho ndicho kilichotuleta."

"Naelewa, na ninakupa pole." Akaja mbele ya kiti, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Bi. Kirembo. "Shikamoo, mama. Una malalamiko yoyote?"

Bi. Kirembo alimtazama. Midomo yake ilitikisika upande mmoja. Bwana Luhende alisubiri. Hakuwa na haraka, sitamsingizia. Alisubiri kwa subira mpaka mimi miguu ikaniuma, akamwuliza tena, akasubiri tena.

"Nimempa nafasi ya kutosha," alisema akiinuka. "Hana malalamiko."

"Anakufa kwa njaa!" Siwema alipiga meza kwa viganja vyote viwili.

Kidude kidogo juu ya meza kikawaka taa, kikazima. Bwana Luhende alikitazama akatabasamu.

"Kimesikia kofi. Usijali, moja halihesabiwi, yanaanzia mawili." Kisha akashusha sauti. "Mimi pia nina mama, dada'angu. Mpelekee toleo la saba. Wazee wengi wamelipenda."

Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote, na nilimchukia zaidi kwa sababu alitufungulia mlango na kutusaidia kushusha kiti kwenye ngazi.

* * *

Siwema aliiwasha kompyuta mchana huo huo. Niliacha mteja kitini nikaenda kusimama mlangoni kwake. Kioo kilikuwa cha kijivu. Shikamoo ikaenda, marahaba ikarudi. "Hatukubali" ikalia kwa sauti nne, safi, na nikajikuta mguu wangu unapiga. Niliukanyaga kwa mguu mwingine.

Uji ulikuwa mezani. Bi. Kirembo aliona mwanga wa kioo, akajiweka sawa. Siwema alinitazama, macho mekundu, akabonyeza.

Ilikuwa sauti nzuri ya mwanamke. Ilitembea kwenye mstari wake bila kugusa ukingo. "Nenda mwanangu, mlango" na bila pumzi yoyote ikaingia "sijafunga", imenyooka, ya pale inapotakiwa kuwa, na ikaisha. Siwema alikuwa ameinamisha kichwa.

Kidole cha Bi. Kirembo hakikugonga hata mara moja. Alikuwa ameinamisha sikio upande, anasikiliza kwa heshima, kama alivyokuwa akiwasikiliza waimbaji wa mitaa mingine wakija kwenye harusi zetu. Ulipokwisha alimgeukia mwanawe, akanyoosha mkono kwenye spika, kisha akaonyesha mlango, uso wake ukiuliza. Ni nani huyu binti? Mbona hamjamkaribisha ndani?

Siwema aliusogeza uji karibu naye.

Bi. Kirembo akasubiri kidogo, akaona labda sisi wengine hatuna adabu. Akainua mikono yake miwili akapiga makofi. Alipiga taratibu, kwa ukarimu, mpaka akatosheka. Kwenye kioo cha kijivu yakatokea maandishi: "Asante. Makofi yako yamepokelewa Wizarani."

Kisha akashusha mikono, akajiweka vizuri kitini, akaweka kidole chake cha shahada juu ya mkono wa kiti, akasubiri wimbo wake uanze.